Nyota na Pembetatu

Mota ilikuja Kibaigwa ndani ya gunia la mahindi,
imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki,
na kabla gunia halijafunguliwa nilishajua.
Vanishi iliyoungua ina harufu yake:
tamu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa jikoni,
halafu inakukaa kooni hadi usiku.

"Umeme umetuonea," akasema Mzee Ndahani.
Ametoka Mlali. Ana mashine ya kukamua alizeti,
mkopo wa kikundi, magunia arobaini yanayongoja,
na kijana wake Lameki, aliyesimama mlangoni
akiisoma kalenda ya mwaka juzi.

Nikapangusa kibati kwa kitambaa chenye petroli.
Kibati ndicho kinywa cha mota, na hakina maneno mengi:
mia mbili thelathini, alama ya pembetatu;
mia nne, alama ya nyota.
Basi. Aliyeuza hakusoma, aliyenunua hakuuliza,
na laini ya fezi tatu
haimuulizi mtu umezaliwa kwa kiasi gani.
Inaleta mia nne yake, inapita.

Nikafungua kisanduku cha nyaya.
Vipande vitatu vya shaba vilikuwa vimesimama wima
kama mgambo kwenye gwaride,
vyeusi kwa masizi.
Wima ni pembetatu.
Vingelazwa, vikashikana mikono upande mmoja,
ingekuwa nyota,
na kila koili ingepata fungu lake tu,
ikanywa bila kupaliwa.
Aliyevisimamisha ana mkono mzuri:
nati zimekazwa sawasawa, hakuna uzi uliochubuka.
Nikamtazama Lameki.
Bado yuko mwezi Machi.

Sikusema.
Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kwa mjomba Chibago,
nilichomeka cherehani ya mia na kumi,
waliyoileta masista kutoka ng'ambo,
kwenye ukuta wa mia mbili thelathini.
Iliimba! Kwa pumzi mbili iliimba
kuliko cherehani zote za Dodoma,
kisha ikanyamaza, moshi ukaitoka tumboni.
Mjomba hakunipiga. Alinipa chaki,
akasema andika ukutani, maneno utafute mwenyewe:

        Soma kwanza kibatini,
        ndipo uguse fuzini;
        pupa huzaa madeni,
        shaba haijui pole.

Chaki imefifia siku hizi.
Nikampa Lameki kipande kipya, aikoleze.

Siku tatu tulisuka pamoja,
yeye akihesabu mizunguko kwa Kigogo asipotee,
nami nikikata karatasi za kuhami.
Tukachovya vanishi, tukaanika juani.
Jua la Kibaigwa halidai luku.

Mlali tulifika jioni.
Nikavilaza vile vipande, nikapima:
mia nne isiyotimia, lakini inafaa.
Mota ikaondoka bila kelele, mkanda ukalia kidogo,
wanawake wakasogeza makarai.
Kisha mashine za kusaga za kijiji kizima zikaamka,
na mia nne ikashuka, ikashuka,
mia tatu arobaini, mia tatu na kitu,
mota ikanguruma papo hapo bila kuzunguka
kama ng'ombe aliyefika lambo akakuta matope.
"Zima!"
Wote wanajua umeme mwingi unaua.
Mdogo nao unaua, polepole,
koili ikivuta kwa nguvu kile isichopewa
hadi ijichome kwa kuvuta.
"Kamueni alfajiri," nikawaambia,
"kabla wenzenu hawajawasha."

Wanawake wakaondoka na makarai matupu.
Mzee akakaa juu ya gunia, akaniuliza:
"Sasa mwanzoni kosa lilikuwa nini, fundi?"
Nikaanza kukusanya koleo zangu, moja moja.
"Nilivisimamisha, baba," akasema Lameki
kutoka gizani, bisibisi mkononi.
"Vilitakiwa kulala."

Mzee akafikiri kwa muda mrefu.
Nilisikia mbegu zikimwagika taratibu
kutoka gunia lililotoboka.
"Kama ni kulala," akasema,
"basi na sisi tukalale.
Alfajiri si mbali."